Maneno ya Kumwambia Mtoto Njiani

Mtoto wa Kabula alipopona malaria alibaki amekonda mpaka shingo ikaonekana ndefu, na nesi wa zahanati akasema aletwe kila Alhamisi apimwe uzito. Kutoka kwao mpaka Kabungu, kwenye zahanati, njia inapita porini, na mwaka ule tembo walikuwa wametoka hifadhini wakala mihogo ya watu, kwa hiyo hakuna mwanamke aliyeachwa apite peke yake. Mumewe, Shadrack, alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kutafuta majani. Aliyebaki wa kumsindikiza ni baba mkwe, mzee Mwandu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika kaya ile ya Wasukuma, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe hivi hivi. Jina lake halitaji, usoni hamtazami, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha pembeni. Sasa atembee naye asubuhi nzima? Mzee alitangulia na fimbo yake, Kabula akafuata kwa mbali, mtoto mgongoni. Alhamisi ya kwanza walikwenda na kurudi bila neno, na Kabula alifika nyumbani taya zinamuuma kama aliyetafuna muwa.

Alhamisi ya pili siafu walikuwa wanakata njia. Mzee aliwaruka akaendelea. Kabula akasimama kuwaangalia, maana alipenda kuangalia vitu tangu yuko shule ya msingi, akamwambia mtoto wake taratibu:

*Siafu wanavuka, mwanangu.*
*Hawana mzigo, hawana mtoto.*
*Wenye haraka wapite.*

Mbele kule mzee alipunguza mwendo. Kabula akadhani amechomwa na mwiba.

Ikawa ndiyo desturi yake. Mtoto ndiye aliyeambiwa, na kumsemesha mtoto si kosa kwa mtu. Aliona kwamba maneno yanakuja miguu ikiwa inakwenda tu; akikaa jikoni kuyatafuta hayapo, hata yale ya asubuhi yanakuwa baridi. Siku nyingine aliangalia nyayo za mzee kwenye vumbi, yakamtoka kabla hajafikiri:

*Babu yako ana viatu vya tairi.*
*Njia ya mbuzi*
*imepitiwa na lori.*

Mabega ya mzee yakatikisika. Kabula alishikwa na hofu, halafu hofu ikageuka udadisi. Amekohoa au amecheka? Na kwa nini siku hizi anatembea polepole, hata nafasi kati yao imepungua nusu? Jioni, wakichambua mboga, alimuuliza mama mkwe wake, Nyamizi, kama mzee ana kifua.

"Kifua gani?" Nyamizi akasema. "Yule zamani, kabla hatujahamia huku, alikuwa anatunga nyimbo za kulimia. Watu walikuwa wanalima mpaka wanasahau kula. Alipopata ng'ombe wengi akaacha kuwaimbia watu, sasa anaimbia fisi usiku zizini."

Kabula hakulala vizuri kwa habari hiyo, kwa sababu alikuwa na jambo moja linalomkaba. Mama yake, Leticia, anaishi Karema, mguu wake mbovu, hawezi safari. Mjukuu alikuwa na miezi minane na bibi hajamwona. Mvua zikianza, gari za Karema ni za kubahatisha, na shambani hakuna anayeruhusiwa kuondoka. Shadrack hayupo. Nyamizi, kila akiombwa, alijibu kwamba wasiwe na haraka. Mwenye ruhusa alikuwa yule anayetangulia na fimbo.

Basi Alhamisi iliyofuata alivuta pumzi, akamwambia mtoto kwamba bibi yako wa Karema mguu unamuuma na hajakuona tangu uzaliwe, na mawingu ndiyo hayo, na baba yako yuko na ng'ombe, na sisi hatukai sana, wiki mbili tu, na kazi za hapa tutazimaliza kwanza, sasa sijui tumwombe nani ruhusa.

Mzee akasimama. Hakugeuka. Akasema na njia iliyokuwa mbele yake.

"Mjukuu wangu. Mwambie mama yako ule sio wimbo, ule ni mkutano wa kijiji. Mtu anatembea. Neno liishe kabla hajakanyaga jiwe."

Akaendelea na safari. Ndiyo wala hapana hakusema.

Kabula alibaki na uso wa moto. Kumbe anasikia yote, hata la tairi. Na ameombwa kitu cha moyo, yeye anatafuta makosa ya wimbo. Walipofika zahanati, mtoto akaning'inizwa kwenye mzani akipiga mateke, na nesi akafurahi: uzito umerudi, mama, sasa njoo mara moja kwa mwezi kama wengine. Wenzake kwenye benchi wakampongeza. Yeye akahesabu moyoni kwamba njia ya kurudi ndiyo iliyobaki, maana mwezi ujao mvua itakuwa imeshafunga barabara.

Wakarudi. Kabula alikuwa anajaribu maneno kwa miguu. Akiweka "ruhusa", mguu unagoma. Akiweka "tafadhali", linakuwa refu kama foleni ya mashine ya kusaga. Akatoa mvua. Akatoa ng'ombe. Akautoa hata mguu wa mama yake, na huo ulimuuma kuutoa. Kilichobaki ni kitu alichoambiwa kwa simu na jirani wa Karema, kwamba mama yake anajikongoja kila jioni mpaka linaposimama basi linalotoka Mpanda, upande huu.

*Bibi yako anawauliza watu wa basi:*
*ana nywele? ana meno?*
*Hakuna anayekujua.*

Fimbo ya mzee ikaacha kugonga. Walitembea hivyo, yeye ameishika mkononi kama kitu cha kubeba, mpaka wakapita vichuguu, mpaka paa za kwao zikaonekana. Kabula alikuwa hathubutu hata kumrusharusha mtoto.

"Mjukuu wangu," mzee akasema. "Kwani una meno?"

"Mwambie babu mawili," Kabula akamwambia mtoto. "Ya chini."

"Basi nenda ukamng'ate huyo bibi. Kabla mvua haijaanza."

Kabula akavuta kanga akafunika mdomo, akalia kimya kimya huku anatembea.

Nyumbani mzee alimwambia mkewe atafute kuku mzuri na karanga za kubeba, mke wa Shadrack anakwenda Karema Jumamosi, na yeye mwenyewe atamfikisha kwenye gari. Nyamizi akaacha kupepeta, akamtazama mumewe, akamtazama Kabula aliyekuwa ameinamia kufungua mbeleko.

"Nani ameomba?"

"Hakuna aliyeomba," mzee akasema, akavua viatu vyake akaingia ndani.