Alijenga jiko la filamu, mama yake akavua ndala na kuingia

Saa mbili asubuhi, ndani ya ghala lililokuwa la saruji, mwanamume mwenye penseli sikioni anapaka moshi ukutani. Moshi wenyewe ni unga wa mkaa aliouchanganya na gundi. Anapaka kwa tambara, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja, kisha anaongeza kidogo juu ya dirisha.

Ukuta huo unaonekana umekula moshi wa kuni miaka arobaini. Umri wake ni siku mbili. Ukiugonga unaitika kama debe tupu, maana ni plaiwudi iliyoegemezwa kwa nyuma na miti miwili.

Wenzake wanamwita Fundi Geresha. Kwa miaka kumi na tisa amejenga majengo sitini na mawili ya kuchezea filamu: mahakama, wodi, ikulu moja, na vyumba vya maharusi ambavyo idadi yake imemtoka.

"Hakuna hata kimoja alimowahi kulala mtu," anasema huku akicheka. "Ukiegemea ukuta wangu, mnaanguka wote wawili."

Lakini kuna jiko moja ambalo halizungumzii kwa mzaha.

Mwaka jana mwongozaji mmoja wa filamu, mwanamke mpole asiyependa kelele, alimwagiza jiko la kizamani. Hakumpa mchoro. Fundi akajenga jiko pekee analolijua hata akifumba macho: la mama yake, lililobomolewa pamoja na nyumba nzima barabara ilipopanuliwa. Aliikumbuka rafu ya kushoto, kizingiti kilichowang'oa kucha watoto wote sita, na mlango wa buluu.

Wakati huo mama yake, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa ameanza kusahau. Aliishi kwa binti yake mkubwa, na kila alasiri alifunga furushi la nguo zake, akakaa mlangoni kusubiri apelekwe nyumbani.

"Ukimwambia nyumba haipo, analia kama ndiyo kwanza anasikia," anasema fundi. "Mwisho tukaacha kumwambia."

Siku ya kupiga picha, dada yake alikwenda hospitali kung'oa jino. Fundi hakuwa na wa kumwachia mama, akaja naye kazini, akamkalisha kwenye kiti na kumsihi asiondoke. Aligeuka kidogo tu kukaza taa moja. Kuja kutazama, kiti ni kitupu.

Mama alikuwa amevua ndala mlangoni na kuingia jikoni. Alivuta kigoda, akatwaa ungo wa mchele uliowekwa pale kama pambo, akaanza kuuchambua. Mwigizaji aliyecheza baba mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu naye.

"Umeshakunywa chai, baba watoto?" mama akamuuliza.

"Bado, mama watoto," mwigizaji akajibu taratibu, akachuchumaa kando yake. "Nakusubiri wewe."

Kamera ilikuwa inaendelea, na mwongozaji hakusimamisha kitu. Kwa dakika saba wawili wale wakazungumza habari za mvua, mbuzi aliyepotea, na watoto waliochelewa kurudi. Kisha mama akainua macho. Hakuona dari, aliona taa zinaning'inia.

"Mmeezua nyumba?"

Fundi akaingia mbele ya kamera, nyundo mkononi. "Tunaezeka upya, mama."

Mwongozaji aliomba kipande hicho kibaki kwenye filamu. Dada mtu akaja juu.

"Mama si kiroja cha kuonyesha watu," alisema. "Hata hakujua kama anapigwa picha."

Ndugu hao walikaa majuma mawili bila kusemeshana. Hatimaye wakakubaliana mama mwenyewe aonyeshwe, tena siku ambayo kichwa chake kimetulia.

Alitazama hadi mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Lakini lile si jiko letu. Letu mlango ulifungukia nje."

"Uliliona lini hilo?" fundi akamuuliza.

"Nilipoingia."

"Sasa mbona ulikaa, mama?"

"Si wewe ndiye uliyelijenga? Ningeondokaje?"

Akasema watu waachwe waone, ila wasionyeshwe miguu yake ilivyopasuka. Dada mtu alicheka huku akifuta machozi. Kipande kimo ndani ya filamu, na miguu haionekani.

Hadi leo fundi hajui ni wapi mama alikuwa anajua, na ni wapi alikuwa amefika nyumbani kweli.

"Watu wakitoka kutazama wananiuliza yule bibi anaigizia kundi gani," anasema. "Mimi mwenyewe sijui kama aliigiza."

Jiko la plaiwudi lilivunjwa filamu ilipokwisha. Siku za mapumziko sasa anajenga lingine uani kwa dada yake, la tofali, la kwanza maishani mwake lenye msingi. Limefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na dirisha, naye anataka aliezeke kabla ya mvua. Daktari ameshawaambia kwamba huenda ikafika siku mama asiwatambue wanawe.

"Nimemwelewa daktari," anasema. "Ila siku hiyo imkute jikoni kwake. Hata akiniona mimi ni mgeni, namjua mama, atanikaribisha."