Siku Niliyojua Utumbo Una Neva Zake

Ndugu na dada zangu wa ushirika, mnivumilie, maana ninayotaka kusema ni ya tumbo na choo. Mimi ni Wafula, mlinzi wa geti katika jengo moja la makazi huku Al Thumama. Nilipokuja Doha nilikuwa mtu wa kula. Ssali, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja Al Mansoura, alikuwa akinificha matoke yake.

Shida ilianza na wali wa kuku uliolala. Tuliula sote wawili, tukaharisha na kutapika siku tatu. Ssali akapona. Mimi homa iliisha, lakini tumbo likakataa kutulia. Nikimaliza tu kula linanguruma, linanisokota chini ya kitovu, na nisipofika chooni upesi, basi. Kuna siku nilienda mara nane. Na mlinzi wa geti hawezi kuondoka mpaka mwenzake aje kushika nafasi yake. Adhuhuri moja nilimwita mwenzangu kwa redio, akachelewa kidogo. Nilijichafua nimesimama, nimevaa sare, na mpangaji mmoja yuko ndani ya gari anangoja nimfungulie. Nilimfungulia. Kisha nikaingia kibandani nikalia.

Tangu hapo siku za kazi sikula. Chai ya rangi na biskuti mbili, basi. Nilikonda hadi nikautoboa mkanda matundu mapya. Mke wangu Nekesa, aliye Bungoma, aliniona kwenye simu akauliza ni ugonjwa gani ninaomficha. Mimi moyoni nilijua ni saratani, ndiyo maana sikutaka kupimwa. Kazini walisema ni mawazo tu, nimekumbuka nyumbani. Mwishowe nilianguka pale getini kwa kizunguzungu, na Ssali akaacha siku yake ya mapumziko akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani. Alipima damu na choo, baadaye wakapitisha kamera. Niliporudi kwa majibu akasema yote ni safi. Mtu angefurahi, mimi nilivunjika moyo. Nikamwambia, "Basi daktari, nimeharibika kichwa."

Akasogeza kiti chake karibu. "Hapana. Unaumwa kweli, na ugonjwa uko tumboni."

Alinieleza kwa Kiingereza chepesi, huku akichora. Ukuta wa utumbo una neva zake wenyewe, nyingi ajabu. Seli za ukuta huo hutoa kemikali inayoitwa serotonini. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko huko, wala si kwenye ubongo. Ikishika vipokezi vilivyo kwenye neva, utumbo husukuma chakula, na ubongo nao hupata habari za maumivu. Baada ya kule kuharisha, neva zangu zilibaki zikishtuka kwa jambo dogo. Akasema iko dawa inayoziba aina moja ya vipokezi hivyo. Si ya kila mtu, na ikinifungia choo nimwambie.

Kweli ilinifunga siku nne. Nikamrudia, akapunguza kipimo. Wiki ya pili asubuhi moja nilipata choo kigumu, cha kwanza baada ya miezi saba, nikajikuta naimba mle ndani. Ssali alibisha mlango kuuliza kuna nini. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Siku hiyo alipika matoke ya watu wawili.

Haikunyooka mara moja. Pilipili na maziwa bado yananisumbua, na wiki ya hasira tumbo hujua. Lakini sijaanguka tena, na uzito umerudi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na huyu Ssali aliyekaa pale akijifanya hasikii. Wewe unayehara na kunyamaza kwa aibu, nenda ukapimwe. Ukiona damu, au ukikonda, usingoje hata kesho. Dawa yangu usiiombe, kila tumbo lina habari zake, omba upimwe. Na mtu akikwambia ni mawazo tu, mwambie tumbo nalo lina neva.

Mwezi uliopita nilienda likizo. Kutoka Nairobi hadi Bungoma nilikaa kwenye basi kiti cha dirishani, Nekesa, aliyekuja kunipokea, kando yangu. Nakuru nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala yote. Nekesa alinitazama mdomo tu, kisha akaninunulia mengine.