Ngoma Niliyoachiwa

Jumamosi iliyopita tulimzika dada yangu. Kabla ya kupiga, wapiga ngoma waliwasha nyasi kavu ili kukaza ngozi za ngoma zao, na harufu ile ya ngozi yenye joto ikanirudisha shuleni.

Katika shule yetu ya wasichana, kule Mbuya, dada ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Asubuhi ya mashindano ya muziki aliniachia niipashe moto. “Igeuzegeuze, wewe mzururaji,” alisema akicheka. “Baba ameomba ruhusa kambini aje anisikie.”

Niliisogeza karibu zaidi na moto ikaze upesi, nikaenda kuchungulia sare za shule nyingine. Niliporudi, ngozi ilikuwa imepasuka.

“Nani alikuwa analinda ngoma hii?” mwalimu aliuliza.

Dada alinitazama kwanza. “Ni mimi, mwalimu.”

Mwalimu aliazima ngoma, akampa msichana mwingine, na dada akapelekwa nyuma kupiga makofi. Mimi niliketi na baba. Alikuwa amepiga pasi sare yake ya jeshi, na alinyoosha shingo kila ngoma ilipolia.

“Dada yako yuko wapi? Mbona simwoni?”

Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa nyuma, bila kumwambia kwa nini.