Mume Wangu Anataka Tuhame, Tusiione Bukoba Tena

Bwana Mhariri, naomba jina langu lisitokee popote, wala la mume wangu. Kazi na vijiji vingine nimevibadilisha kusudi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Nshambya hapa Bukoba. Nimesoma shule ya misheni na nimefunga ndoa kanisani. Ninaandika mchana, mama akiwa kibanjani kwenye migomba yetu, kwa sababu siku hizi mtu akibisha hodi tu moyo unanienda mbio.

Mume wangu ni mtu wa Muleba. Alikuwa dereva wa lori, na nilimpenda kwa jinsi alivyosimulia safari zake. Miguu yake haikutulia. Tulipooana tulikaa Jinja, tukaenda Kisumu, mwishowe Kampala, katika chumba cha kupanga mtaa wa Kisenyi. Kila tulipofika aliulinganisha mji huo na kwetu. Alisema Bukoba unaimaliza kwa miguu kabla ndizi hazijaiva jikoni, lakini Kampala hata ukikaa mwaka kuna mitaa hujaiona. Mimi nilimjibu kwamba Kampala ni ya macho tu. Taa zipo, maduka yapo, ila jirani anaugua mpaka anazikwa hujajua jina lake, na ziwa huwezi kuliona mpaka ufunge safari. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kula, nilikuwa nalia kabisa. Ananicheka, halafu kesho yake ananiletea senene wa sokoni, ananiambia nile, na huku nako wanaruka. Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukibishana miji na kupendana.

Jioni moja alirudi bila lori, shati limechanika begani. Chakula hakugusa. Aliniambia nifunge vitu vyangu, kesho nipande meli nirudi kwa mama, yeye atafuata. Nilipouliza kulikoni akasema ni mambo ya kazi. Nilidhani amepata mwanamke mwingine. Mungu anisamehe, afadhali lingekuwa hilo.

Nikangoja. Kahawa ilivunwa, ikaanikwa, ikauzwa, ikavunwa tena, na yeye hajaja. Katikati ya hapo walikuja wanaume wawili wasemao Kiganda, wapole, wakasema walifanya naye kazi na wangependa kumwona. Nikawajibu ukweli, kwamba sijui alipo. Wakaaga. Baada ya hapo nikawa nawaona sokoni, mara karibu na bandari, wakiniamkia kwa heshima kila tukikutana. Ile heshima yao ndiyo iliyoanza kunitia hofu.

Ndipo binamu yangu, anayezunguka vijijini kununua kahawa, akaniambia amemwona mume wangu upande wa Muleba, katika kijiji kilicho mbali na kwao. Ana ndevu, anatengeneza baiskeli nyuma ya nyumba ya watu, na wanamwita kwa jina jingine. Binamu alipomwita kwa jina lake halisi aligeuza uso akaingia ndani. Sikumwambia mama. Nilimuaga kwamba nakwenda Muleba kuwasalimu ndugu wa mume wangu, nikapanda basi.

Nilimkuta amechuchumaa na gurudumu mkononi. Hakunisalimu. Neno lake la kwanza kwangu baada ya muda wote ule lilikuwa, "Nani amekutuma?"

Nilikaa chini nikalia. Alipoona niko peke yangu akanieleza. Kwenye barabara ya Masaka, jua likizama, lori lake lilimgonga kijana aliyekuwa akitembea kwa miguu. Alishuka amsaidie, lakini watu walishatoka mashambani na fimbo, wakamshika shati. Akaponyoka, akakimbia. Kijana alikufa palepale. Ndugu za kijana walilikuta jina la mume wangu kwenye karatasi za lori, na wanajua kwamba ni mtu wa Bukoba.

Nilimsihi twende pamoja kwa mkuu wa gombolola, mtawala wa eneo letu, aseme mwenyewe. Akakataa. Alisema atafungwa, na siku atakayotoka watakuwa wanamngoja. "Twende Mwanza na meli ya mwisho wa mwezi, halafu Tabora," akaniambia. "Kule hatujulikani. Ila Bukoba uisahau, na mama yako asijue tulikokwenda." Yeye aliyezoea kuidharau Bukoba alilitamka jina hilo machozi yakimtoka. Nilimwambia nitafikiri. Nilipoondoka aliniuliza tena kama kweli hakuna aliyenituma.

Nilirudi nyumbani kesho yake. Nikamkuta mmoja wa wale wanaume ameketi sebuleni, mama amempa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni yeyote. Mama, bila kujua kitu, alikuwa amekwisha mwambia nimekwenda Muleba.

Mama alipokwenda jikoni yule mtu akaniambia kwa sauti ya chini, "Muleba ni mbali, dada. Bila shaka ulikuwa na jambo." Akaendelea, "Aliyekufa ni mdogo wangu. Polisi sijawaambia kwamba niko hapa. Mama yetu anataka kumwona mumeo mara moja tu, mumeo amweleze maneno ya mwisho ya kijana wake. Hatumtaki kwa ubaya." Kisha akamshukuru mama kwa kahawa, akaondoka. Tangu hapo hajarudi, na mwenzake simwoni tena mjini.

Sijui wamekwenda wapi. Nikienda kumwonya mume wangu, huenda wananifuata nyuma niwaonyeshe njia. Nikikaa, huenda wamekwisha fika. Pengine yule mtu alisema kweli na ni msiba tu unaomtembeza, lakini nikimwamini na akanidanganya, nitakuwa nimemuua mume wangu kwa mdomo wangu. Nikikimbia naye Tabora, mama atabaki peke yake, na akifa sitamzika. Nikiwaambia polisi, mume wangu atajua kwamba shaka yake juu yangu ilikuwa kweli.

Bado nampenda. Wasomaji, kina mama na kina baba, mwenye neno la kuniambia aliseme upesi, kwa maana meli ya Mwanza itaondoka na sijui nitakuwa upande gani wa maji.

Mimi mwenye hofu,
Bukoba