Kipepeo wa Buluu Kwenye Maombi ya Mlimani

Jamani, aibu hii nimeibeba tangu 2017 na leo naitua hapa, mkitaka kucheka chekeni.

Jumapili ile kanisa letu lilipanda kuomba kwenye kile kilima cha mtaani kwetu Yeoville, na mama yake Trésor, mchumba wangu, alikuwa amefika kutoka Lubumbashi kuniangalia mimi, yaani akisema huyu hafai, basi hakuna harusi. Nimejifunga kitenge changu kizuri, nimekaa kwa adabu zote, pasta akasema tufumbe macho. Nikafumba, halafu nikafumbua moja. (Moja tu!)

Si ndipo akapita kipepeo wa buluu, mdogo kama kifungo cha koti! Mnanijua mimi na vipepeo, hata ukutani juu ya cherehani nimebandika picha zao, na huyu nilikuwa nimemtafuta mtaa wa jirani wa Berea mzima nisimpate, basi nikamfuata kwa magoti hadi kwenye kichaka chenye maua kama ya kunde, akatua, akafunga mbawa: kijivu, mistari ya kahawia, na nyuma kabisa madoa mawili meusi na kamkia kembamba. Ni yeye! Na maua ndiyo yale anayoyapenda! Pale anapoishi huwa pana siafu pia, maana ndio wanaowalinda viwavi wake, na hilo nalijua vizuri sana, ila kwa furaha sikutazama nilipopiga magoti.

Kushtuka, wameshafika mapajani.

Niliruka, nikapiga mayowe, nikajichapa makofi, kitenge kikafunguka (namshukuru Mungu ndani nilivaa taiti), na pasta akaja mbio akanikamata kichwa.

"Jina yako nani, we roho muchafu?"

"Siafu!" nikalia.

"Siafu, toka!"

"Wako wengi, Pasta!"

Hapo kanisa zima likalipuka kwa maombi. Trésor ameinamisha uso, mimi nikajua harusi ndiyo basi tena, nikaanza kulia kweli. Mara mama yake akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya jiwe kubwa, akawa ananiokotea siafu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama, kumbe uliona?"

"Nilikuya kukuangalia weye," akasema, "nitafunga macho juu ya nini? Kako wapi kale kadudu?"

Tukafunga ndoa. Lakini niliapa: kwenye maombi nafumba macho yote mawili, na vipepeo nawatafuta Jumatatu, nimevaa suruali na soksi nimezivuta juu yake. Mama mkwe akija kututembelea, naye namvalisha zake.