Tepu Iliyokunjwa Ncha

Kama umezoea kucheka visa vya mizimu, cheka sasa umalize, maana hiki kilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwaka, kwenye gereji yetu pale Mugutha.

Njoroge, mwenzangu kazini kwa miaka kumi na miwili, alikuwa ameenda Thika kutafuta spea. Fundi mmoja ndiye aliyetufundisha kazi sote wawili, na alitulazimisha kukunja ncha ya tepu kila tunapofunga waya, ili atakayekuja baadaye apate pa kushika. Ruiru yote sijaona mwingine anayefanya hivyo.

Nikainua kichwa, nikaona pikapu nyeupe ya dizeli imesimama. Sikuisikia ikiingia, na dizeli utakosaje kuisikia? Akashuka mzee wa koti la kijivu.

"Fundi, nimetoka Theta. Taa ya injini inawaka. Hebu niangalilie."

Nikachomeka skana, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sensa ya kupima joto la ekzosi, yaani bomba la moshi, ilisoma digrii mia mbili. Nikashika bomba. Niamini, lilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na skana bado inasema mia mbili.

Nikaingia chini nikifuata waya. Badala ya sensa niliona rezista, kale kakitu kadogo ka kudanganya kompyuta ya gari kwamba joto haliongezeki, huku bomba likizidi kuiva. Imefungwa tepu nyeusi. Ncha imekunjwa.

"Mzee, hii kazi ni ya nani?"

"Si ni yako? Njoroge alisema wewe ndio ulibadilisha sensa. Nikaamini, nikalala ndani."

"Mimi? Hii gari sijawahi kuigusa!"

Nikakata kile kipande ili nimwonyeshe. Nilipogeuza uso, nilikuwa nimelala chali chini ya jua tupu. Gari hakuna, mzee hakuna, hata alama ya tairi vumbini hakuna. Rezista nilikuwa nayo mkononi.

Nikampigia Njoroge, nikamweleza nilichokiona.

"Hiyo pikapu iliungua wiki mbili zimepita," akasema. "Mzee alipaki kwa nyasi kavu, akalala ndani na injini ikiwaka, akafia humo. Watu wake wakauliza fundi ni nani. Nikataja wewe. Niliogopa, bro."

Wiki mbili! Jumapili mbili tumekaa benchi moja kanisani, akinipa mkono. Unajua inavyouma? Nililia kama mtoto, sioni haya kusema.

Njoroge hakurudi tena. Nilienda Theta na ile rezista mfukoni; mjane wa yule mzee aliniangalia kupitia geti, akaniita muuaji, akaingia ndani. Hadi leo kiganja kilichoshika lile bomba hakipati joto, hata nikishika kikombe cha chai.

Kwa hivyo sikia. Ukiambiwa sensa imebadilishwa, dai ile ya zamani uishike mkononi. Na wewe fundi, kagua kazi ya mwenzako, hata kama ni rafiki yako wa roho. Mimi siku hizi nafanya kazi peke yangu, na ncha ya tepu sikunji tena.