Nyuzi za Fundi Mbaluka

Watu wakiniuliza ni nani aliyenifaa zaidi miaka ile ya Hali ya Hatari, wanangoja nitaje mwanasiasa. Thubutu! Mimi namtaja fundi wa cherehani. Jina lake Mbaluka, Mkamba wa Kangundo, na alikuwa anashonea kwenye veranda ya duka la Ramniklal mjini Thika. Na kabla sijamsifu wacha niseme ukweli wangu. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilimwona mtu huyo kuwa mwizi, na nikamwita hivyo mbele ya watu.

Mimi ni Njambi. Wakati huo nilikuwa nauza uji asubuhi hapo kando ya veranda, kwa wanaume waliokuwa wakielekea viwandani. Mdomo wangu unajulikana mpaka leo, siuombei msamaha. Fundi alikuwa mteja wangu wa kwanza kila siku, kikombe kimoja bila sukari, na neno lake ni lile lile: "Umeamkaje, Mama Wangeci?" Wangeci ni binti yangu wa kwanza.

Mbaluka hakujua kusoma wala kuandika. Alipima watu kwa uzi wa katani, katani hiyo hiyo ya mashamba ya hapo Thika. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Anakuzungushia kiunoni, anafunga fundo, halafu kwenye ncha anashonea kijitambaa cha suruali yako ili akutambue. Nyuzi zote zilining'inia msumarini nyuma ya kichwa chake. Ukirudi baada ya miaka miwili humwambii kitu, yeye anapapasa tu ukutani na kusema, "Wewe huyu hapa." Na kama kiuno kimebadilika, hafungui fundo la zamani. Anafunga lingine kando yake.

Mume wangu Muigai alikamatwa mwaka wa hamsini na nne. Aliporudi kutoka kizuizini mwanzoni mwa hamsini na nane, nilimtolea sandukuni suruali yake ya buluu, ambayo Mbaluka alikuwa ameishona mwezi mmoja tu kabla hajachukuliwa. Muigai akaivaa, akasimama, ikaanguka mpaka magotini. Tulicheka sisi! Siku hiyo kicheko kilikuwepo, kwa sababu mtu amerudi nyumbani akiwa hai. Tukaenda kwa fundi apunguze kiuno, akafunga fundo la pili.

Kicheko kiliisha tulipoanza kutafuta kazi. Muigai alizunguka viwanda vyote vya Thika. Akaenda kwa miguu mashamba ya kahawa ya Ruiru, akafika mpaka Mugutha, na kila lango lilikuwa na kibao kimoja: HAKUNA KAZI. Wengine walimwambia wazi kwamba mtu wa kizuizini hawamtaki. Lakini hata wale ambao hawajawahi kukamatwa walikuwa wamejaa pale veranda kuanzia saa mbili, wameshika kofia, hawana pa kwenda. Walisema wazungu wanaogopa nchi itakuwa ya nani, kwa hivyo hawataki kupanua kitu. Mimi nilijua tu kwamba mwanamume wangu anatoka alfajiri na kurudi jioni na vumbi. Ilipofika Juni suruali ikaanza kuteleza tena, na fundi akafunga fundo la tatu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na Mbaluka ulianza. Nilimwambia, "Fundi, kitambaa unachokata kiunoni kiko wapi? Nipe, nimshonee Wangeci kiraka."

"Sikati, Mama Wangeci. Nakunja tu."

Nikaigeuza suruali pale pale. Ndani ya kiuno, nyuma, alikuwa ameshonea kipande cha gunia la unga. Haiya! Gunia! "Na hili ni la nini, kama si kuficha mahali ulipoiba?"

"Ni la kuzuia jasho lisile kitambaa."

"Basi fumua nione."

"Nikifumua kila mara kitachoka. Wacha kilale. Kiuno kitarudi."

Nilidhani ananicheka. Nikamwita mwizi wa vitambaa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye duka la pili, na kila nilipomwona tangu siku hiyo nilimuuliza ameuza ngapi. Yeye alikunywa uji wake na kunishukuru. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

Mwezi wa Septemba tukatangaziwa baraza. Wanaume wa veranda walikuwa wanaisema serikali asubuhi mpaka jioni, eti kodi inadaiwa na kazi haipo, eti Bwana D.O., yule mzungu mtawala wetu, aje alale njaa siku mbili. Siku hiyo nilikuwa nimeamka vibaya. Nikawaambia, "Kelele zenu zote ni za hapa. Kesho kwenye baraza mtakuwa kama kuku walionyeshewa, mtapiga makofi na kusema ndiyo bwana. Na wewe fundi pia, mwenye mdomo wa kunywa uji tu."

Jamani, ulimi huu!

Kesho yake uwanjani D.O. alizungumza, mkalimani akatafsiri. Nchi inaendelea vizuri, akasema. Kazi iko kwa mtu anayeitaka. Wanaokaa mjini bila kazi ni wavivu, na watarudishwa kwao kwa lori. Akauliza kama kuna swali. Mimi nikamtazama Muigai, akatazama viatu vyake.

Ndipo akasimama Mbaluka, na fungu lote la nyuzi mkononi.

"Bwana," akasema, "mimi ni fundi. Tangu mwaka huu uanze sijashona suruali mpya hata kumi. Watu wananiletea za zamani nipunguze kiuno. Huu ni uzi wa mpagazi wa stesheni, mafundo mawili. Huyu alikuwa kiwandani miaka sita, mafundo matatu. Huyu matatu. Huyu manne, na la nne ni la wiki iliyopita. Mvivu hakondi, Bwana, analala. Hawa wanakonda kwa kutembea wakitafuta hiyo kazi mnayosema iko. Serikali ituonyeshe iko wapi, au iache kutudai kodi na kututukana kwa pamoja."

Uwanja mzima ukanguruma: "Sema, fundi! Sema!" Uso wa D.O. ukaiva. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Sikufikiria kitu kingine chochote siku hiyo.

Siku ya tatu wakaja askari kanga, wale polisi wa D.O., mbele yao Sajini Kimeu. Akang'oa nyuzi zote msumarini, akazihesabu kwa kidole. "Haya mafundo tunayajua," akasema. "Kila fundo ni mtu aliyekula kiapo cha kupigana na serikali." Fikiria! Miaka ile hata ndizi saba kwenye mkungu zingeweza kuwa kiapo. Wakamfunga Mbaluka pingu, na Ramniklal akaambiwa kwamba jambo hilo likithibitishwa, leseni ya duka hana tena.

Kama nisingemchokoza, fundi angekuwa ameketi tu kwenye baraza. Sasa angetupwa kizuizini, kule Muigai alikotoka, na watoto wake watano Kangundo wangekula nini? Nikasimama pale na sufuria ya uji, nalia kwa hasira.

Ramniklal alikuwa amejishika kichwa. "Mimi mtu ya biashara," alikuwa akisema, "siasa hapana yangu." Lakini mkewe, Ansuya, mama mdogo wa mwili aliyekuwa haongei na watu wengi, alitoka nyuma ya kaunta akivaa viatu. "Cherehani ni yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha dukani. "Imetoka nyumba ya baba yangu. Fundi nachukuliwa, cherehani nashona yenyewe? Mama Wangeci, ita bwana yako. Twende."

Tukaenda ofisini watatu, na watu wa veranda wakatufuata hadi dirishani. Mbaluka alikuwa amesimama mbele ya meza, nyuzi zimetandazwa mbele ya D.O. kama ushahidi. Sikungoja kuulizwa. "Bwana, mimi ndiye niliyemchochea. Na hivyo ni vipimo. Pima!" Nikachukua uzi wenye kijitambaa cha buluu, nikamwambia Muigai ainue shati. Maskini mume wangu, mtu wa aibu, akainua. Uzi ukamfika sawasawa kwenye fundo la tatu. Mafundo mengine mawili yakaning'inia hewani, nje ya mwili wake.

D.O. akatazama mbavu zile. Kisha akasema kupitia kwa mkalimani kwamba hata mwongo anaweza kuandaa uzi mmoja. Akaingiza mkono kwenye fungu, akavuta mwingine, wenye kijitambaa cha kaki. "Huyu ni nani?"

Mbaluka aliupapasa, na nikaona midomo yake inacheza. "Bwana, huyu ni Sajini Kimeu."

Ansuya ndiye aliyesema, "Pima." D.O. akaashiria, na Sajini hakuwa na la kufanya, akainua mikono. Fundo la kwanza halikumfika hata ubavuni. La pili pia halikufika. La tatu, la nje kabisa, ndilo lililokutana na ncha, sawa kabisa, hakuna nafasi ya kupitisha ukucha.

Basi wale wa dirishani walicheka! Mkalimani akageukia ukuta, mabega yanacheza. Ati mafundo ya nchi nzima yanaingia ndani, na ya Sajini peke yake yanatoka nje. Hata Mbaluka mwenye pingu alicheka. D.O. hakucheka, lakini akakusanya zile nyuzi kwa mikono yake mwenyewe na kuzisukuma upande wa fundi. Akasema pingu zifunguliwe, na nyuzi hizo zisionekane tena kwenye baraza. Kuhusu kazi hakusema neno, na vibao havikung'olewa. Ile hotuba ya wavivu, hata hivyo, hatukuisikia tena kutoka kwake.

Tukarudi, Mbaluka akaketi kwenye cherehani ya Ansuya, akazitundika nyuzi msumarini. Nikamletea uji, siku hiyo nikatia sukari. Nilitaka kuomba msamaha kwa kumchochea, na yeye akasema, "Ulinisaidia, Mama Wangeci. Ningeketi." Lile la wizi sikuligusa. Bado niliamini alikuwa ameiba, nikajiambia, basi, aibe tu, amestahili.

Mwaka uliofuata, msimu wa kahawa ulipoanza, Muigai akapata kibarua Ruiru, kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Msimu ukaisha wakambakisha. Tulikula. Akaanza kulalamika kwamba suruali inambana, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu lalamiko la mwanamume likanifurahisha.

Tukaenda kwa fundi. Aliitazama suruali, akachukua wembe, akafumua lile gunia la unga taratibu. Chini yake kulikuwa na mkunjo, na ndani yake mkunjo mwingine. Kitambaa kilikuwa chote pale. Nje suruali ilikuwa imepauka kwa jua la kutafuta kazi, haina rangi ya kutajika. Ndani ya mikunjo ilikuwa buluu vile vile kama siku ile alipoishona, mwaka wa hamsini na nne.

"Nilikuambia kitarudi," akasema. Hakunitazama, alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

Nilikaa chini pale veranda nikalia, mimi Njambi, na wateja wakipita. Nikamwambia mbele ya wote, kwa sauti ile ile niliyomtukania, "Fundi, hukuwa mwizi. Nisamehe. Asante." Muigai akaivaa suruali hapo hapo nyuma ya pazia la duka, akatoka. Kiunoni nyuma ilikuwa na mistari miwili ya buluu kila upande wa mshono. Kesho yake aliivaa kazini hivyo hivyo, na sikumruhusu mtu yeyote aitie rangi.